Kitalu nyumba cha uani hapa visiwani: nunua paa na neti, usinunue joto

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kwenye kitengo chetu cha mboga siku hizi suala linalokuja sana ni hili la kitalu nyumba, ile grinihausi, watu wanataka kuiweka uani wapande tungule (nyanya) na pilipili boga waache kungojea za kutoka bara. Wengine washapewa bei na fundi, wengine wameona picha kwenye simu tu basi roho imeshapenda. Mimi hamu hii naifurahia kwelikweli, lakini kuna jambo lazima nilitangulize kabla mtu hajatoa pesa yake mfukoni.

Hii nyumba ya plastiki asili yake ni nchi za baridi. Kule kazi yake kubwa ni kulikamata joto la mchana lisikimbie usiku. Hata zile zinazouzwa bara kwa paketi, mita 8 kwa 15 na mfano wake, zinaenda vizuri Iringa, Arusha, Lushoto, manake usiku kule kuna baridi ya kweli. Sasa sisi baridi hiyo tunaitoa wapi? Januari na Februari mchana tunafika nyuzi 32, 33, na usiku ndo tunalala kwenye 25 hivi, na tungule raha yake ni nyuzi 21 mpaka 27 mchana na usiku pawe pamepoa zaidi ya hapo. Joto likizidi sana chavua inaharibika, ua linakauka linadondoka halijatunga. Ukiufunga mti huo ndani ya plastiki pande zote nne unakuwa umeutia kwenye tanuri, ndani panapita 40 saa sita mchana, majani mazuri yamestawi, maua tele, tungule hamna. Alafu mwenyewe akiona hivyo anaongeza mbolea, na mbolea wala siyo tatizo, mti unazidi majani tu.

Kwa hiyo wewe wa hapa unajenga kwa sababu nyengine kabisa. Unataka paa lizuie mvua ya masika isiyapige majani, kwa sababu majani yakikaa maji muda mrefu ukungu unaingia, na unataka neti pembeni ya kuzuia wadudu, khasa kantangaze, yule nondo mdogo anayeshambulia tungule, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na inzi weupe wanaotia virusi, yale majani yanayojikunja yakawa manjano. Paa plastiki, ubavuni neti tupu kuanzia chini mpaka juu. Basi. Fundi akikwambia ubavuni pia iwe plastiki eti ndo ya kisasa, mwambie hapana.

Kwenye kununua, plastiki iwe ile ya kitalu iliyotiwa dawa ya kuzuia jua, unene maikroni 200, inakaa miaka mitatu minne hivi ukiitunza. Nailoni ya kawaida ya ujenzi ni rahisi kweli lakini jua letu linaikatakata miezi michache tu ukaanza upya. Neti ya wadudu iwe ya matundu 50 kwa inchi moja. Najua wengi mnafikiria chandarua, jamani chandarua matundu yake makubwa, inzi weupe anapita kama hakuna kitu, na chandarua chenye dawa ni cha kulalia watoto, kibaki kitandani. Mlango fanya miwili, unaufunga wa kwanza ndo unafungua wa pili, watu wengi wanaona usumbufu lakini mlango mmoja ukiachwa wazi siku moja tu neti yote haina faida tena.

Sasa neti ndogo hivyo nayo inapunguza upepo, ndo maana urefu ni muhimu sana. Katikati paende mita 4, usikubali kibanda cha kuinamia. Na mgongo wa paa uachwe mwanya wa kutolea hewa ya moto, nao uzibwe kwa neti ileile. Mwanya huo uelekee wapi? Uelekee magharibi. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, yani pepo zetu zote mbili kubwa zina upande wa mashariki, kwa hiyo mwanya ukiangalia magharibi upepo unapita juu ya paa unavuta joto utoke nalo, na mvua ya upepo haikuingilii ndani. Mafundi waliozoea kujenga bara hawalijui hili, msimamie mwenyewe. Kiangazi kikikolea tandika juu neti ya kivuli ya asilimia 30 au 40, usizidishe hapo mti ukaja kukosa mwanga.

Nguzo tumia mivinje, ipo na inanyooka, ila chini ichunge na mchwa. Mikandaa, ile mikoko ya pwani, ni mizuri najua, lakini ina sheria yake na bahari inaihitaji, usiende kukata bila ya kibali. Mabomba ya chuma kwa walioko karibu na pwani, Jambiani, Paje, Makunduchi, chumvi ya bahari inaleta kutu mapema, na kutu hiyo ndo inayochana plastiki kwenye kona. Ukubwa wa uani mita 5 kwa 8 unatosha kabisa kuanzia, hapo unapata miche kama 80 ya tungule.

Hapa kwenye udongo naomba tukae kidogo, manake ndipo vitalu vingi vinapofia. Kuna mnyauko bakteria, unakuta mti uko mbichi kabisa wa kijani asubuhi, jua likitoka unalala, siku chache umekufa. Kuujua ni rahisi, kata kipande cha shina la chini kitie kwenye gilasi ya maji safi usikitikise, ukiona uzi mweupe mfano wa maziwa unateremka ndiyo wenyewe. Hauna dawa ya kupiga. Unakaa ardhini miaka, na paa halizuii kitu kilichomo ardhini. Kwa hiyo kama uani kwako palipandwa tungule, bilingani, pilipili au mbatata zikanyauka hivyo, usipande tena kwenye ardhi ile. Panda kwenye mapolo (magunia), na mapolo yasikae juu ya udongo, yainue kwa mawe au mbao. Walioko uwandani kwenye mawe matupu nao dawa yao ni mapolo hayahaya. Ndani changanya udongo safi, samadi iliyooza na vumbi la makumbi ya nazi, makumbi tunayo tele ila yale yaliyofukiwa pwani kwa kutoa usumba yana chumvi, yaoshe maji yasiyo na chumvi mara nyingi mpaka ukionja maji yake huisikii chumvi. Njia nyengine ni kubebesha mche wa tungule juu ya shina la bilingani linalostahamili mnyauko, wataalamu wa World Vegetable Center, wenye kituo Arusha, wameifanyia kazi sana njia hii, na kwa kipindi cha maji mengi pia inasaidia.

Maji nayo piga hesabu mapema. Mti mkubwa wa tungule unakunywa lita moja mpaka mbili kwa siku, miche 80 ni lita 80 mpaka 160 kila siku inayokuja. Lakini paa lako mwenyewe lina maji, mvua ya milimita 10 juu ya mita 40 za mraba ni lita 400, weka mfereji na tangi usiyaache yakaenda njiani, na wa Pemba mvua yenu ni nyingi kuliko ya Unguja. Visima vya mashariki ya Unguja vingi vina chumvi na maji ya mawe yetu yana chokaa inayoziba mipira ya matone. Kwa eneo dogo hivi keni ya kumwagilia inatosha mwaka wa kwanza, pesa ya mipira iongeze kwenye neti.

Na jambo watu wanalisahau, neti ikizuia inzi inazuia na nyuki. Tungule inajichavusha yenyewe ila inataka kutikiswa, tikisa kamba zake asubuhi ya saa tatu nne, kila siku. Matango nunua mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa, ukipanda ya kawaida utapata maua tu, au uwe unachavusha kwa mkono.

Ukiuliza uanze lini, mimi nasema sia mbegu mwisho wa Januari chini ya kivuli, hamishia ndani mwanzo wa Machi. Maua yanaanza kutunga wakati joto linateremka, na mavuno yanakukuta Mei na Juni wakati tungule za mashamba ya wazi zimeshaozeshwa na masika na bei sokoni Mwanakwerekwe na Chake Chake iko juu.