Tegu hatoki kwa harufu ya maziwa
Ule ujumbe wa kushinda njaa kisha kunusa maziwa ya moto ili tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni, atokee mdomoni haukomi kuzunguka kwenye magrupu. Si kweli. Tegu hana pua wala mdomo. Amejishikiza kwa kichwa kwenye utumbo mwembamba na hufyonza chakula kupitia ngozi yake. Wengi huona vipande vyeupe, bapa, kwenye kinyesi wakadhani mdudu mzima ameshatoka. Hizo ni pingili tu. Kichwa kikibaki, anakua upya. Uhakika hupatikana kwa kupima kinyesi maabara, pengine zaidi ya mara moja, maana mayai hayatoki kila siku. Dawa, mara nyingi prazikwanteli, iandikwe na daktari, hasa kwa tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake huweza kufika hadi kwenye ubongo. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.