Kengeleni Pana Kengele

Miaka 17 sasa nakula kwa kutembeza wageni Mombasa. Nawajua wa kutafuta kivuli, nawajua wa kupima unene wa ukuta kwa hatua za miguu, nawajua na wale wanaoniuliza simba wako wapi hapa kisiwani. Lakini wanangu sikuwahi kuwatembeza. Kifungua mimba wangu ana miaka 14, na Fort Jesus alikuwa akiijua mgongo tu, kwa kupita.

Mke wangu ndiye aliyenitia haya, tena mbele ya mamangu. "Watu wanapanda treni Nairobi kuja kuuona mji huu," akasema, "wako wewe wanauonea dirisha la matatu." Jumamosi iliyofuata tukatoka sote sita.

Nikaharibu. Kwanza tulichelewa. Saa sita mchana ngome ile ni tanuri. Mawe ya matumbawe yanashika joto, na uani kivuli ni cha kutafuta. Kosa kubwa lakini lilikuwa mdomoni mwangu. Niliwatembeza watoto wa Kisauni kama watalii walioshuka melini. Nikaanza na 1593, Wareno wanajenga kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Nilipofika 1631, Sultani Yusuf bin Hassan anamuua kapteni wa Kireno, mdogo wangu akaomba juisi. Nilipofika 1696, Waomani wameizingira ngome, yule mkubwa yuko kwenye simu. Mzingiro ule ulidumu karibu miaka mitatu. Wanangu hawakufikisha dakika 20.

Aliyeniokoa ni mamangu. Alikuwa amejikalia pembeni ya ukuta, buibui amelikusanya mapajani, anajipepea kwa karatasi ya tikiti. Akasema, wala si kwa kuniambia mimi: "Tulipokuwa wadogo hapa tukipita mbio. Humu mulikuwa jela."

Vichwa vitatu vikainuka. Jela? Humu? Naam, Waingereza waliifanya ngome hii jela tangu 1895 hadi 1958. Hapo nikapata upenyo. Nikawapeleka uani kwenye misingi ya kanisa la Wareno, nikamwambia wa katikati asimame juu ya ule mstari wa mawe. Kanisa kwa Kireno ni *igreja*. Wenye kufuatilia asili za maneno wanasema ndilo lililotuzalia "gereza". Kanisa likabaki jina, ngome ikaitwa gereza, na kufuli zilipokuja neno likazifuata.

"Kwa hivyo mtu akifungwa gerezani," wa katikati akauliza, "amefungwa kanisani?"

Simu ikaingia mfukoni. Nikawaongezea meza, bendera na leso, yote ya Kireno. Leso ndiyo iliyomshtua mamangu, maana alikuwa nayo kichwani.

Usiku ule nililifikiria kama mtu wa kazi. Mgeni wa mbali haujui mji, kwa hivyo mwaka unamsaidia. Ni msumari wa kutundikia alichokiona. Mwenyeji amekuja na mdomo umejaa majina, ila hajawahi kulifungua hata moja. Ukimpa miaka unampa mzigo. Mfungulie jina analolipigia kelele kila siku akitaka kushuka, atakufuata mwenyewe. Kwa hivyo Jumamosi ya pili sikupanga vivutio, nilipanga vituo vya matatu.

Tukaanzia Kengeleni. Tulilipa nauli ya mjini tukashuka njiani, konda akatuona wehu. Wanangu wamelitamka jina hilo tangu wajue kusema, na pale penye makutano pana kengele kweli! Imetundikwa kwenye kijimnara chake, pikipiki zinapita chini, hakuna anayeinua macho. Hapo ndipo Frere Town, kijiji walichoanzisha wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengine walitolewa kwenye majahazi baharini. Wengine walikuwa wamelelewa na kusomeshwa India kisha wakarudishwa Afrika. Jina ni la Bartle Frere, aliyetumwa Unguja 1873 kumbana Sultani Barghash aifunge biashara ya watumwa. Kengele ilipigwa kutahadharisha watu: wanakuja wanaowinda binadamu. Niliwaeleza hayo tumesimama ukingoni mwa barabara, honi zinatulilia. Yule mkubwa akaizunguka mara mbili, akapiga picha. Kisha akasema, polepole, "Na sisi hapa tunapigania viti."

Daraja la Nyali tulilivuka kwa gari, lakini hapo mwenye maneno alikuwa mamangu. Daraja la sasa ni la 1980. La kabla yake, la 1931, lilikuwa likielea juu ya maji, na yeye amelivuka. Maji yakijaa linapanda nawe, yakipwa linashuka nawe. Alionyesha kwa kiganja, juu, chini, mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kusikiliza. Mimi nimewaeleza wageni daraja hilo mara nyingi mno. Kile kiganja sikuwa nacho.

Mji wa Kale nilikuwa na wasiwasi nao, kwa sababu milango ya kuchonga inachosha watoto baada ya wa tatu. Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, tuliupita wakautazama mnara wake mweupe, basi. Tulikwama Ndia Kuu. Wa katikati akasoma kibao akacheka: wamekosea, ni "Njia". Sikujibu. Nilingoja, kwa sababu mamangu namjua na saa yake ya kula naijua. Hatukupiga hatua ishirini akanivuta mkono: "Mwanangu, mimi nina ndaa."

Mtoto akasimama. Akamtazama bibi yake, akakitazama kibao. Njaa, ndaa. Njia, ndia. Njoo, ndoo. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, amekisikia nyumbani siku zote akidhani ni mdomo wa uzee, kumbe kimeandikwa barabarani.

Ukitaka kuwatoa wako, mambo ya kawaida ni haya: tokeni mapema, ngomeni muwe mmeingia kabla ya saa nne, bebeni vitambulisho, maana kiingilio cha mwananchi si cha mgeni, maji chukueni mengi. Jingine, na hili wenzangu wa kazi hawalipendi: nyamaza. Mzee wa nyumbani muweke mbele, wewe ujaze mapengo. Tena usitafute vituo kumi. Vitatu vinatosha, cha nne kiwe cha kula.

Chetu kilikuwa Laitihausi, pale Mama Ngina, chini ya mibuyu. Kachri za muhogo, pilipili na ndimu, madafu. Meli ya makontena ikaingia mlangoni mwa bahari, karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni, ikielekea Kilindini. Nikamuuliza mdogo: kilindi ni nini? Akafikiri, akaitazama meli, akautazama mkondo. "Maji marefu?" Maji marefu, ndiyo, kule Mji wa Kale kwenye bandari ya majahazi dude kama lile halipiti.

Mamangu alikuwa akilamba pilipili kidoleni. Akaniuliza wazungu hunilipa ngapi kwa siku. Nikamtajia.

"Kwa maneno haya haya?"

"Haya haya, mama."

Akalivuta lile karatasi la kachri upande wake. "Basi na mimi unanidai," akasema, "au mimi ndiye nikudai?"