Je, wajua kwa nini mtu mwembamba anaweza kuwa na kolesteroli nyingi kuliko mnene?

Mie mpaka juzi juzi nilikuwa naamini kolesteroli ni maradhi ya watu wazito, walaji wa samli na chipsi mayai, na nikimtazama mjomba wangu wa Wete, mvuvi, kakonda, chakula chake muhogo na samaki wa kuchoma, nasema huyu moyo wake mzima. Siyo. Alipimwa ana miaka 43 baada ya kifua kumbana akivuta ngarawa, LDL yake, yaani ile kolesteroli mbaya, ikatoka 7.8 kwa kipimo cha mmol/L, na mtu mzima ikifika 4.9 tu dakta anaanza kuuliza habari za ukoo. Na alama tulikuwa tunaiona siku zote. Nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene, ana uvimbe mgumu kama kokwa, hauumi wala haubonyei, sie tukasema ndara zimemsugua. Kumbe kolesteroli imejikusanya pale, na yake ni ya kurithi, ya ukoo.

Chakula kinachangia, sikatai, lakini kolesteroli nyingi ya mwilini haitoki sahanini, mwili wenyewe unaitengeneza. Na mwenye maradhi haya ya kurithi anazaliwa nayo, iko juu kabla hajaonja hata uji, kwa hiyo akifika miaka 40 mishipa yake imeshakaa nayo miaka 40. Mtu kama huyo kumwambia punguza biriani tu, basi, ni kumuacha njiani.

Chukulia bandari ya Malindi. LDL ni majahazi yaliyobeba kolesteroli, damu ndo bahari, ini ndo bandari. Jahazi halishushi mzigo popote tu, lazima lipate gati, na gati za ini ni protini zilizokaa juu ya seli: gati moja inalikamata jahazi, inaingia nalo ndani, mzigo unashushwa, halafu gati inarudi juu kungoja jengine, safari nzima kama dakika 10. Ramani ya kujengea gati hizo kila mtu anazo mbili, moja ya mama moja ya baba, sasa moja ikiwa na kasoro gati nzima zinabaki kama nusu, majahazi yanazunguka baharini siku nyingi na mengine yanakwama kwenye kuta za mishipa ya moyo. Ufunge utakavyofunga, gati haziongezeki. Waliogundua haya ni Michael Brown na Joseph Goldstein kule Texas, wakapata Nobeli 1985. Na vidonge vya statini navyo, vile vya kushusha kolesteroli, hapa ndo pananifurahisha hasa, havisafishi mishipa kama watu wanavyodhani, vinalizuia ini lisijitengenezee kolesteroli, ini likiona imekuwa haba linajenga gati zaidi kwa ile ramani nzima.

Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Ndo maana akijulikana mmoja wanapimwa wazee wake, ndugu na watoto, halafu watoto wa wale waliopatikana nayo, Uholanzi walianza hivyo 1994. Inakisiwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300 anayo, ingawa hesabu hizo nyingi ni za Ulaya na Marekani, Afrika waliopimwa bado wachache. Na kwetu tunaooana watoto wa ami, wote wawili wakiwa nayo mtoto anaweza kurithi ramani mbovu zote mbili, huyo moyo unaweza kumsumbua angali skuli. Ila si kila 4.9 ni ya kurithi, tezi la shingo likizembea au figo zikiumwa pia inapanda, na madakta wanaangalia hayo kwanza.

Watoto wanne wa mjomba tuliwapeleka siku moja, wawili wanayo. Mmoja ni yule mdogo, ana miaka 9, mwembamba kuliko wote, yake ilikuwa 5.6. Nilimshika kisigino tukiwa bado kwenye benchi, laini kabisa, maana uvimbe ule unachukua miaka kutokea, kwa mtoto ni damu tu ndo inayosema.