Protini kiashiria katika jicho la mwenye kisukari

Protini kiashiria ni protini inayopimika mwilini, ambayo kupanda au kushuka kwake hutueleza jambo linaloendelea mahali tusipopaona. Mgonjwa wa sukari tayari anakijua kiashiria kimoja: HbA1c, yaani hemoglobini (protini ya chembe nyekundu za damu) iliyonatwa na sukari. Huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa hiyo kujinyima soda siku mbili kabla ya kliniki hakukidanganyi.

Jicho nalo lina viashiria vyake. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno kwa udogo wake. Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli zinazoshikilia kuta za mishipa midogo ya damu hufa, mishipa mingine huziba, na sehemu za retina hukosa oksijeni. Hapo retina humwaga protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa mipya iote na kulegeza kuta za ile iliyopo. Ni kama mtaa wa Kampala uliokatiwa maji: watu huunganisha mabomba usiku usiku, na mabomba hayo huvuja. Mishipa mipya ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Majimaji yakivujia katikati ya retina, hapo tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu, pale huvimba.

Kitu hiki kilishukiwa zamani kabla ya kuonekana. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alisema retina iliyokosa oksijeni huenda inatoa kemikali ya kuotesha mishipa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, akiwemo Lloyd Aiello, walipima majimaji ya macho ya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa, wakakuta VEGF imepanda kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa ikiota.

VEGF ilipata umaarufu kwa sababu si kiashiria tu, ni mchochezi wa ugonjwa wenyewe. Ukiinasa, uvujaji hupungua. Ndiyo kazi ya dawa za bevasizumabu, ranibizumabu na afliberseti zinazodungwa ndani ya jicho. Protini nyingine za jicho, kama interleukini-6 na interleukini-8, hupanda pia, ila hupanda hata katika magonjwa mengine ya macho yenye uvimbe wa ndani. Zikiwa peke yake hazikuambii mengi.

Kwa nini basi protini hizi za jicho hazipimwi kliniki? Tazama kiasi chenyewe: majimaji ya mbele ya jicho ni kama robo ya mililita, na ule ute mzito wa ndani ni takriban mililita 4, haujazi kijiko cha chai. Kuyapata kunahitaji sindano jichoni. Damu ya mkononi ni rahisi kutoa, lakini VEGF iliyomo hutoka mwili mzima. Ndiyo maana watafiti wameyageukia machozi: kijikaratasi chembamba hukunjwa ncha, kikaning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kikanyonya. Wazo ni zuri, ila bado ni la maabara.

Kwa hiyo ukifika kliniki ya macho Mulago, au Ruharo kule Mbarara, usitarajie kuombwa kipimo cha protini. Utatiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari ataitazama retina yenyewe au kuipiga picha. Mwenye kisukari cha aina ya 2 huchunguzwa anapogunduliwa tu, halafu kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Baada ya matone macho huwa na ukungu kwa saa kadhaa, basi dereva wa boda aiache nyumbani.

Wakikuandikia sindano, huenda ikawa bevasizumabu. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, lakini chupa moja hugawanywa dozi ndogo ndogo za macho, na bei hushuka sana. Uliza mapema ratiba ya sindano zinazofuata na gharama yake, kwa maana nguvu ya dawa hupungua baada ya wiki chache, na retina iliyokosa oksijeni huendelea kutoa VEGF.