Viputo katika kichanganuzi cha mtiririko: lini ni kazi, lini ni hitilafu

Kichanganuzi cha mtiririko ni mashine inayopitisha sampuli na vitendanishi (kemikali zinazoleta rangi) katika mirija myembamba, ikavichanganya njiani, kisha ikasoma rangi inayojitokeza mbele ya mwanga. Nitrati, fosfeti na amonia kwenye maji hupimwa hivyo. Fasili ni hiyo tu.

Kinachokera ni ule ushauri unaorudiwarudiwa: ukiona viputo, toa hewa yote. Mashine hizi ziko za aina mbili, na ushauri huo unaifaa moja tu. Ukiufuata kwenye nyingine, umeondoa kitu kinachoifanya ifanye kazi.

Ya kwanza ilielezwa mwaka 1957 na Leonard Skeggs, Mmarekani wa Cleveland, na kampuni ya Technicon ikaiuza kwa jina la AutoAnalyzer. Shida aliyoikabili ni kwamba kioevu ndani ya mrija mwembamba hakiendi kwa kasi moja: cha katikati hukimbia, kinachogusa ukuta hujikokota. Sampuli hutandaa, na mkia wake ukachafua inayofuata. Skeggs akaingiza hewa kwa makusudi, kiputo baada ya kiputo, kwa nafasi sawa. Viputo hukata mkondo vipande vipande, hukwangua mabaki ukutani, na kioevu huzunguka ndani ya kipande chake hadi kichanganyike vizuri. Mmenyuko nao hupata muda wa kukaribia kukamilika.

Ya pili ilitoka Denmark mwaka 1975, kwa Jaromir Růžička na Elo Hansen, nao wakavitupa viputo. Sampuli kidogo hudungwa katika mkondo usiokatika. Kutandaa hakuzuiwi, ila lazima kuwe kwa kiasi kilekile kila mara. Mmenyuko hausubiriwi ukamilike, mradi muda wa safari haubadiliki. Humo kiputo kimoja tu huvuruga muda huo, na kikifika kwenye seli ya kupimia (kijichumba ambamo mwanga husoma rangi) huchora mwiba kwenye grafu. Hapo ndipo utafute kiungo kilicholegea, au kitendanishi kilichotiwa bila kuondolewa gesi, ambacho hutoa hewa kikipita kwenye hita.

Kwenye mashine ya Skeggs, jambo la kuangalia ni kama viputo vinafanana. Kiputo kizuri hujaza mrija na kina ncha za mviringo pande zote mbili. Kikikwama au kikiwa na ncha zilizochongoka ovyo, ukuta haulowani sawasawa: ama mirija ni michafu, ama kilowanishi (kemikali inayosaidia kioevu kulowesha ukuta) kimesahauliwa kwenye kitendanishi. (Usikopeshe kilowanishi cha mbinu moja kwa nyingine, vingine hugombana na kemikali za mbinu.) Urefu wa viputo ukiyumba, anza na mirija ya pampu. Ikiachwa imebanwa na roli usiku kucha hubapa, na mashine hulaumiwa bure.

Hata humo kuna mahali hewa hukatazwa. Kwenye kipimo cha nitrati, viputo hutolewa kabla ya safu, yaani bomba dogo lililojazwa chembe za kadimiamu, kwa sababu hewa ikinasa humo mkondo hukwepa chembe na nitrati haigeuki yote kuwa nitriti. Mashine nyingi huvitoa tena kabla ya seli. Nyingine huviacha vipite, programu ikatupa usomaji wake. Kwenye amonia, hewa ya chumba yenyewe inaweza kuwa na amonia, hivyo viputo hutengenezwa kwa nitrojeni au kwa hewa iliyopitishwa kwanza kwenye asidi.

Kwa hiyo aliyeandika “kuna viputo” kwenye daftari la matunzo bado hajaandika hitilafu. Aongeze aina ya mashine, mahali alipoviona, na kama vinafuatana kwa nafasi sawa. Fundi wa zamu ijayo atajua aanzie kwenye pampu au kwenye viungo.