Chumba cha mwanafunzi Mombasa: kodi ndogo si nyumba rahisi

Jumatatu iliyopita mama mmoja kutoka Taveta aliingia ofisini kwangu hapa Tudor, bintiye nyuma yake. Binti yuko mwaka wa kwanza, hajamaliza hata wiki sita chuoni. "Dada," mama akaniambia kabla hajakaa, "huyu tulimpatia nyumba rahisi kabisa kule Mtopanga, elfu nne na mia tano. Sasa kila wiki anapiga simu anataka pesa. Nataka nijue anazipeleka wapi."

Nikamgeukia binti. "Mwanangu, maji unapata wapi?"

Akainamisha kichwa. "Ya mkokoteni."

"Na kipindi cha saa moja asubuhi unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

Mama alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza kidogo, maana nilikuwa natafuta namna ya kulisema bila ukali jambo ambalo nimelisema kila Agosti na Septemba kwa miaka kumi na moja. Kazi yangu ni kuwatafutia wanafunzi vyumba, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hapa Tudor, wengine wa kampasi zilizo mjini. Yafuatayo ndiyo maneno ninayoyasikia kutoka kwa wazazi na wanafunzi, na majibu yangu.

"Nyumba rahisi ni ile yenye kodi ndogo"

Hili ndilo linaloniumiza roho kuliko yote, kwa sababu anayelilipia ni mtoto, na hulilipia kwa usingizi wake.

Tulikaa na yule mama tukaandika kwa kalamu. Kodi 4,500. Nauli ya matatu binti alisema ni 70 kwenda na 70 kurudi, siku 22 za masomo kwa mwezi: 3,080. Maji, mitungi mitatu kwa siku, mmoja wa kuoga, mmoja wa kupikia na vyombo, mmoja wa choo. Alikuwa akinunua mtungi shilingi 20, kwa hiyo 1,800 kwa mwezi, na hapo nguo za Jumamosi hatujazihesabu. Jumla 9,380. Kisha nikamwonyesha bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake ndani, niliyonayo hapa Tudor, kodi 7,000, maji ya mfereji anachangia 500, na chuoni anakwenda kwa miguu. 7,500. Ile "rahisi" ilikuwa ikiwala karibu elfu mbili zaidi kila mwezi, na bado mtoto anaamka kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi jamu ya daraja la Nyali.

Mombasa mjini ni kisiwa. Anayetoka Kisauni, Bamburi au Mtwapa huvuka Nyali, anayetoka Changamwe au Mikindani hupita Makupa, anayetoka Likoni hupanda feri, ambayo kwa mtembea kwa miguu ni bure lakini foleni yake si bure. Usipime umbali kwa kilomita. Pima kwa dakika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, na ukiweza siku ya mvua, kwa sababu siku hiyo nauli nayo hupanda. Mtu akikuambia "ni hapo tu, matatu moja," mwulize hiyo matatu moja inapita wapi.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Kisiwa hiki hakina mto. Maji matamu tunayokunywa yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, bomba la zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na Tiwi upande wa kusini. Yote hayo yakijumlishwa hayatoshi watu waliopo, ndiyo maana mfereji hufunguliwa kwa mgao, mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa. Pengo linalobaki hujazwa na visima vya majumbani, ambavyo vingi ni vya chumvi, na mikokoteni.

Kwa hiyo mwenye nyumba akikwambia "maji yapo", huenda hasemi uongo. Swali ni maji gani, siku ngapi kwa wiki, na yanafika ghorofa ya ngapi. Nimeingia nyumba ambazo mfereji wa chini unamwaga na wa ghorofa ya nne unakohoa hewa.

Mimi nikimpeleka mwanafunzi kuona chumba, sianzi na vigae. Naanza na mfereji wa bafuni. Naufungua, nawacha utiririke muda wa kuhesabu mpaka mia, halafu naweka tone ulimini. Chumvi haifichiki. Kisha naangalia mdomo wa mfereji na vitundu vya shawa: kukiwa na ukoko mweupe mgumu kama chokaa, mara nyingi hayo ni maji ya kisima, na yamekuwa yakipita hapo miaka. Natoa kipande cha sabuni mkobani, naosha mikono. Povu likikataa, nguo nyeupe za mtoto huyu zitakuwa za kijivu kabla muhula haujaisha. Baadaye natoka nje na kutazama milango ya wapangaji wengine. Ukiona mitungi ya njano imepangwa nje ya kila mlango, mitatu mitatu, jibu umeshalipata bila kuuliza mtu.

Ukiuliza, usimwulize msimamizi wa ploti. Mwulize dada anayefua uani: "Mfereji ulifunguliwa lini mara ya mwisho?" Akianza kuhesabu siku kwa vidole, tafuta chumba kingine.

Sisemi nyumba ya kisima ikataliwe. Maji ya chumvi yanafaa kwa choo na kudekia, na wengi wetu tumekulia nayo. Lakini jua unachokilipia, weka hesabu ya maji matamu ya kupikia pembeni, na usiyanywe ya kisima bila kuchemsha au kutia dawa. Kwenye ploti zilizobanana, kisima na shimo la choo huwa majirani wa karibu mno.

Stima iko hivyo hivyo. Uliza kama chumba kina mita yake ya tokeni au ni mita ndogo inayosimamiwa na mwenye nyumba. Ikiwa ni ya pili, uliza anauza yuniti moja kwa bei gani, kisha linganisha na jirani mwenye mita yake.

"Tuma pesa kidogo ushikiwe chumba, la sivyo kitaenda"

Usitume. Hata mia tano. Chumba ambacho hujaingia kwa miguu yako, wewe au mtu wako unayemwamini, si chumba, ni picha. Picha hizo hizo nimeziona zikitangazwa kuwa Tudor, kuwa Bamburi na kuwa Kizingo ndani ya wiki moja. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujakamilisha, na wengi hudhani jina likionekana basi mambo ni salama. Jina linakwambia laini imesajiliwa kwa nani. Halikwambii kwamba huyo mtu ana nyumba.

Mzazi aliye mbali na asiyeweza kusafiri atafute jamaa, mtu wa kanisani au msikitini, au mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka kijijini kwao, aende akaone chumba akiwa amempigia mzazi simu ya video. Dalali anayekataa hilo ana sababu yake, na hiyo sababu haikufai.

"Ghorofa ya juu ndiyo yenye upepo"

Ina upepo ikiwa ina madirisha mawili yanayopishana. Ikiwa dirisha ni moja na linatazama korido, ghorofa ya juu kabisa ni tanuri: zege la paa linameza jua mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku. Wageni wengi huja kuona vyumba Agosti, kusi linavuma, hali ni nzuri, wanasaini. Kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, wananipigia simu wakiwa wamelala sakafuni mlango wazi. Nenda ukaone chumba saa tisa alasiri, uweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwa na moto saa hiyo, usiku utakuwa nao bado.

Na kwa nini watu wanazidharau nyumba za Kiswahili? Mzazi akiona vyumba pande mbili za ukumbi, na jiko na choo viko uani, anarudi nyuma. Chumba kwenye nyumba kama hiyo pale Majengo, chenye dirisha la barazani, nimewapa wanafunzi waliokaa mpaka wakahitimu. Unashiriki choo, ni kweli, na unaishi kwa adabu ya nyumba: unasalimu ukipita ukumbini, hupigi muziki usiku, na mwezi wa Ramadhani unajua wenzako wamefunga. Lakini ukiugua saa nane ya usiku, kuna mtu anayekusikia.

"Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina haki"

Si kweli, na wenye nyumba wengine wanafurahi ukiamini hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua upangaji wa muda mfupi hata kama ulikubaliwa kwa mdomo. Kama unalipa kila mwezi na hamkuwekeana muda maalumu wala masharti ya notisi, huo ni upangaji wa mwezi kwa mwezi, na kuuvunja kunahitaji notisi isiyopungua mwezi mmoja, iwe ni yeye anayekutoa au wewe unayehama. Wanafunzi husahau hilo la pili, wakahama usiku wakidhani wameshinda.

Ukichelewesha kodi kwa sababu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, haujaingia, deni ni deni, nenda ukaseme mapema. Ila mwenye nyumba hawezi kuingia akakubebea laptopu na godoro. Kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi kuna utaratibu wake wa kisheria, na kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni.

Pamoja na hayo, andikeni. Hata karatasi moja ya daftari: kodi ni ngapi, dipoziti ngapi, maji nani analipa, notisi muda gani, sahihi mbili. Kila malipo yapite M-Pesa ili tarehe ibaki.

"Baraza la kodi litanizuilia mwenye nyumba asipandishe"

Baraza hilo hufuata sheria ya kudhibiti kodi, na sheria hiyo hulinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita nyingi karibu na chuo zimeshapita hapo. Kwa nyumba hizo ulinzi wako ni makubaliano yenu, kwa hiyo uliza swali la kupandisha kodi kabla hujalipa.

"Tukiwa wanne tutalipa robo"

Robo ya kodi, labda. Maji hayagawanyiki hivyo, yanazidishwa, na wenye nyumba wengine hutoza maji kwa kichwa. Kisha mmoja anaacha masomo, mwingine anapata kazi Nairobi, na wawili waliobaki wanadaiwa kodi ya wanne. Wawili wanaojuana wanatosha. Aliyeandikwa kwa mwenye nyumba ajue kwamba deni litamfuata yeye.

"Mtaa ni salama, nimeuona mchana"

Rudi saa moja na nusu usiku. Toka lango la chuo utembee mpaka mlangoni ukiwa na mwenzako, uone taa ziko wapi na ni vichochoro vipi havina maduka. Vipindi vya jioni vipo, na maktaba nayo haifungwi mchana.

"Dipoziti ni kodi ya mwezi wa mwisho"

Hapana. Dipoziti ni ya uharibifu na madeni utakayoacha, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukiitumia kama kodi, mwenye nyumba anabaki bila kitu cha kutengenezea mlango uliovunjika, na ndiyo maana wengine wameanza kudai dipoziti ya miezi miwili. Hapa mnaharibiana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini na yeye hana ruhusa ya kukutoza rangi ya ukuta aliokupa ukiwa umebabuka. Kama anakunyima chako, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, Mombasa ipo, na unaweza kujisimamia bila wakili. Utahitaji ushahidi tu, na ushahidi huo huchukuliwa siku moja: siku ya kuingia.

Binti wa Taveta tulimhamisha Alhamisi baada ya kupatana na mwenye nyumba wa Mtopanga kuhusu notisi. Kabla godoro halijapanda ngazi, nilimsimamisha mlangoni nikamwambia atoe simu. Akarekodi kuta nne, dari, kufuli, kioo chenye ufa, sinki, mfereji ukiwa wazi maji yakitoka. Dakika tatu na nusu. Akamtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp papo hapo, akaandika chini yake: "Hivi ndivyo nilivyokikuta chumba leo." Mwenye nyumba akajibu, "Sawa." Nikamwambia asiufute ujumbe huo mpaka siku atakaporudishiwa dipoziti yake.