Ngome ya Lamu na mitaa inayoizunguka: yasemwayo na yalivyo

Pale Mkunguni, mbele ya ngome, mgeni husimuliwa mengi kabla kahawa haijapoa. Baadhi ya hayo ni porojo isiyomdhuru mtu. Mengine humtuma mwenye nyumba dukani kununua mifuko ya saruji, na hapo ndipo hasara huanza.

"Ngome hii ni ya Wareno"

Inachanganywa na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo kweli Wareno waliianza mwaka 1593. Ya Lamu ilikamilika 1821, Wareno wakiwa wameshang'olewa pwani hii kitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwashinda Wapate na wenzao wa Mombasa katika vita vya Shela. Kwa kuhofia kisasi walimwendea Seyyid Said, mtawala wa Oman, na ngome ikamalizika chini ya ulinzi wake. Baadaye iligeuzwa jela, ikabaki hivyo hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makavazi ya Taifa.

Muhimu kwa fundi ni kwamba ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, vitu vile vile vya nyumba za Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe. Kinachoila ngome ndicho kinachoila nyumba ya jirani.

"Nyumba za usoni pwani ndizo kongwe zaidi"

Ni kinyume. Ngome ilipojengwa ilikuwa ukingoni mwa maji. Ardhi iliyo mbele yake leo ni ya kujaziwa: vifusi, taka na mawe yaliyomwagwa mwaka baada ya mwaka, na majumba yenye veranda yanayotazama bahari yakasimama juu yake, mengi mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye. Ukitaka nyumba za karne ya 18, uvuke Usita wa Mui, njia kuu ya mji, upande ndani kwenye mteremko wa Mkomani.

Anayenunua nyumba ya pwani aangalie msingi kabla ya kusifu veranda. Ardhi ya kujaziwa hutitia kwa kasi tofauti kutoka kona moja hadi nyingine, ndiyo maana nyufa zake huenda mshazari kutoka pembe za madirisha. Bandika kipande cha lipu juu ya ufa na uandike tarehe. Kikipasuka baada ya miezi michache, nyumba bado inatembea, na kuziba ufa huo ni kupoteza fedha.

"Mawe ni ufundi wa Waarabu, Waswahili walikaa makuti"

Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, ulifunua misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine: ya mwanzo ya miti na udongo, kuanzia karne ya 8, ya baadaye ya mawe. Ufundi ulikua hapa hapa, hatua kwa hatua. Wageni waliongeza nakshi na ladha, hilo halibishwi. Na makuti ya Langoni, mtaa wa upande wa pili wa mji, hayakuwa dalili ya kutojua mawe. Ukuta wa mawe ulitaka mali, na si kila mtu alikuwa nayo.

"Vyumba vyembamba na njia finyu ni hila za vita"

Ni hesabu ya mti. Boriti ya mkoko hubeba dari ya chokaa kwa upana wa mita mbili na nusu hivi, mita tatu ukiilazimisha. Kwa hiyo nyumba ya Kiamu hurefuka kwa upande na kuongezeka kwa nyuma: daka mlangoni, tekani (kiingilio cha ndani), kiwanda, yaani ua ulio wazi, msana (ukumbi mrefu) wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani, chumba cha faragha. Vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na upana wa boriti yake. Hata wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, hukaa juu ya miti hiyo hiyo, kwa hiyo njia iliyo chini yake haiwezi kuwa pana kuliko mti. Kivuli ni faida ya ziada, na punda mwenye mzigo anapita.

Mti wenyewe huuzwa kwa daraja za unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mazio ni kipenyo cha sentimita 8 hadi 11.4, boriti ni 11.5 hadi 13.9. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayodanganya wengi. Ukiuziwa mazio kwa bei ya boriti, dari itapinda katikati, sakafu ya juu itafanya bonde, na maji ya mvua yatatuama pale pale yanapodhuru. Nenda na kipimo. Pima ncha nyembamba, maana mwuzaji atakuonyesha ile nene.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Hii ndiyo inayobomoa nyumba.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhi na hewa yenye chumvi mchana na usiku. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu hupanda, hutoka nje na kukauka. Paka saruji juu yake, na njia ya kutokea imefungwa. Maji hubaki ukutani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Ukigonga unasikia mlio mtupu kabla hata vipande havijaanguka. Unyevu uliokosa pa kutokea hupanda hadi ncha za boriti zilizofukiwa ukutani, na hapo mti huoza kwa siri. Chini ya dari unaona mti mzima mweusi, safi, huku sentimita chache ndani ya ukuta ni unga. Choma kwa bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama bila nguvu, tegemeza dari kwa mihimili leo, usingoje kesho.

Kosa la pili ni kumwaga zege juu ya dari inayovuja. Dari ya asili tayari ni nzito: boriti, vibamba vya mawe, kisha kokoto na chokaa iliyopigwa ikashikana. Zege huongeza uzito na halizibi kwa muda mrefu, kwa kuwa lenyewe hupasuka wakati mti wa chini unapocheza. Nondo nazo, katika hewa hii, huota kutu, huvimba na kulipasua kwa ndani. Wapo mafundi wanaojua haya yote na bado wanamwaga, kwa sababu zege hukauka haraka na malipo huja haraka.

Kinachofaa ni kubandua saruji yote hadi jiwe lionekane, kusugua chumvi kwa brashi kavu, na kuuacha ukuta upumue msimu mmoja wa kaskazi. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji iachwe ikomae kwa wiki kadhaa, miezi ikiwezekana. Ichanganye sehemu moja kwa mbili na nusu au tatu za mchanga usio wa pwani, kwani mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi ile ile uliyotoka kuisugua. Lowesha ukuta, paka kwa tabaka nyembamba zisizozidi sentimita moja, na uzitie kivuli cha magunia mabichi siku kadhaa. Lipu ikikaushwa na jua siku ya kwanza hupasuka kama udongo wa kiangazi.

"Mji ukiingia UNESCO, hugusi hata msumari"

Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, eneo la hekta 16 hivi. Nyumba imebaki ya mwenyewe: anarithisha, anauza, anakarabati. Anachotakiwa ni kupeleka mchoro wa kazi kwa ofisi ya Makavazi na ya kaunti kabla ya kuanza, hasa akigusa uso wa nje, urefu, mlango wa nakshi au paa. Boriti mpya ziwe na kibali cha misitu, na mwuzaji aonyeshe karatasi. Mwombe fundi abadilishe boriti moja moja huku dari ikiwa imetegemezwa, kamwe asing'oe tatu kwa pamoja.